Jinsi ya Kutunga Sheria ya Taka Bila Kunusa Buterere

Hongera. Kama unasoma mwongozo huu, basi umeteuliwa. Pengine ni mjumbe wa kamati ya ufundi, pengine mshauri uliyeletwa kutoka nje na mkoba wa kompyuta, pengine mbunge aliyeangukia tume ya mazingira kwa kuwa tume ya fedha ilikwisha kujaa. Kazi uliyopewa ni kutunga sheria ya kuwakinga watu na maradhi yanayoletwa na uchafu. Usitishike. Wamekutangulia wengi, na sijasikia hata mmoja aliyeugua.

Kwanza chagua mahali pa kufanyia kazi. Popote panafaa isipokuwa Buterere. Nakutajia mtaa huu mapema ili ujue wa kuukwepa. Uko kaskazini mwa Bujumbura, komini ya Ntahangwa, kwenye tambarare iliyo jirani na uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye. Majitaka ya ile sehemu ya mji iliyobahatika kuwa na mabomba huteremkia huko, kwenye mabwawa ya kusafishia. Taka ngumu nazo huletwa huko kwa malori na kumwagwa kwenye jalala la wazi. Mimi nilizaliwa Buyenzi, nikaoa Buterere, nikapanga karibu na wakwe kwa kisingizio cha kodi nafuu. Kwa hiyo naona mji mzima ukinipitia mlangoni kila siku, vipande vipande: maganda ya ndizi ya Kinama, nepi za Rohero, karatasi za ofisi zenye mihuri.

Wewe Buterere utaipita mara mbili tu, siku ya kutua na siku ya kuondoka. Funga kioo cha gari, mwombe dereva aongeze mwendo.

Onyo hili la mahali si utani. Waingereza walilipuuza wakaadhirika. Kiangazi cha 1858 mto Thames, uliokuwa ukipokea vinyesi vya London nzima, ulinuka hadi ndani ya Bunge lililojengwa ukingoni mwake. Wakalowesha mapazia kwa chokaa ya klorini, wakaziba pua kwa leso, wapi! Muswada wa kuutengenezea mji mifereji ya majitaka, jambo lililokuwa likizungushwa miaka nenda miaka rudi, ukapita kwa siku 18. Siku 18, bila kongamano, bila ziara ya mafunzo, bila posho ya mtu. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuua maelfu ya watu wa London kabla ya hapo, na waheshimiwa wakastahimili. Kilichowashinda ni pua zao wenyewe.

Sisi tumejipanga vizuri zaidi. Bunge letu hukutana Kigobe, ambako ni komini hiyohiyo ya Ntahangwa, lakini Kigobe kuna miti na kuta ndefu. Na tangu 2019 mji mkuu wa siasa ni Gitega, kilomita kama 100 kutoka hapa, juu milimani, kwenye hewa ya baridi. Harufu ya Buterere haijawahi kuupanda mlima huo.

Ukishapata mahali, shughulikia maana ya maneno. Kila sheria nzuri ina kifungu cha tafsiri, na hapo uwe mwangalifu kwa sababu lugha zetu zinapenda kusema ukweli bila kuulizwa. Kirundi husema ibidukikije, yaani vile vinavyotuzunguka. Kiswahili husema mazingira, neno lililo ndugu wa kuzingira, kama adui anavyolizingira boma. Mwambie mkazi wa Buterere kwamba unatunga sheria ya mazingira. Atalitazama jalala upande huu, mabwawa upande ule, mtaro uliofurika mbele yake, kisha atakujibu: ndiyo mheshimiwa, tumezingirwa. Mazungumzo yatakuwa yamekwisha kabla hujafungua daftari. Ndiyo maana sheria huandikwa kwa Kifaransa. Neno la Kifaransa nalo lina maana ileile ya kuzunguka, ila hakuna anayelisikia. Sheria ya lugha ya 2014 iliongeza Kiingereza juu ya Kirundi na Kifaransa, kwa hiyo sasa una lugha tatu rasmi za kuchagua. Kiswahili, ambacho ndicho cha kuuzia nyanya na kununulia chupa tupu, hakimo. Usikihofie.

Sasa andika utangulizi. Anza kila mstari na "kwa kuzingatia" na uorodheshe kila karatasi uliyowahi kuisikia. Kwa kuzingatia Katiba. Kwa kuzingatia kode (mkusanyo wa sheria) ya afya ya umma ya 17 Mei 1982. Kwa kuzingatia kode ya mazingira ya 30 Juni 2000, na marekebisho yake ya 25 Mei 2021. Kwa kuzingatia kode ya maji ya 26 Machi 2012. Usiusahau mkataba wa Basel wa 1989 na ule wa Bamako wa 1991, yote miwili kuhusu taka za sumu zinazovushwa mipaka, wala mkataba wa Ziwa Tanganyika uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Msomaji akifika mwisho wa orodha atakuwa na hakika kwamba tatizo lilikwisha kutatuliwa mara saba, na atashangaa wewe umeitiwa nini.

Chukua hiyo kode ya maji. Inataka ukanda wa mita 150 kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika uachwe wazi. Ni kifungu kizuri, kifupi, kina namba ndani yake. Watu wakajenga: nyumba, hoteli, baa za kutazamia machweo. Miaka ya karibuni ziwa likapanda, likaja lenyewe kuzipima zile mita 150. Likaingia sebuleni, likakaa kwenye makochi. Ndiye mkaguzi pekee ninayemfahamu aliyekwenda kazini bila kuomba mafuta ya gari.

Baada ya utangulizi inakuja sehemu tamu, warsha ya kuthibitisha rasimu. Bujumbura tunaiita atelye. Hapo ndipo unapowashirikisha wadau, na mdau ni mtu yeyote anayeweza kufika hotelini saa mbili asubuhi akiwa amevaa viatu vya kufunga. Hata mimi nimewahi kuwa mdau. Nilialikwa kama mwakilishi wa jamii zilizoathirika. Wa jamii tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa ameathirika kweli, kwani alilala tangu kikao cha kwanza mpaka chakula.

Ukitaka kuandaa ya kwako, fuata mfano wa ile. Mezani kila mtu awekewe daftari, kalamu, mkoba wenye kaulimbiu, na chupa ya plastiki ya maji, itakayobadilishwa kila baada ya mapumziko hata kama imenywewa nusu. Ukutani iwekwe picha ya Buterere. Ile yetu ilipigwa jioni, kwa mbali, jua likizama nyuma ya mabwawa na korongo wawili wakiruka, na ilipendeza kiasi kwamba bwana mmoja wa meza ya mbele aliuliza kama viwanja bado vinapatikana. Kisha jadilini kwa kina. Sisi tulitumia sehemu kubwa ya asubuhi kwenye neno "na". Je, iwe "taka za hospitali na taka za sumu", au "taka za hospitali au taka za sumu"? Ukumbi ukagawanyika. Bwana mmoja akanukuu Ubelgiji. Wakati huo sindano zilizotumika zilikuwa zikifika kwetu pamoja na maganda ya viazi, maana lori la taka halijui "na" wala "au".

Nami nikapewa nafasi. Nikasema malori yafunikwe turubai, kwa sababu nusu ya mzigo hudondoka njiani kabla ya kufika jalalani, na watoto huifuata njia hiyo wakienda shule. Mwandishi wa kikao akaandika kwa bidii. Ripoti ilipotoka niliutafuta mchango wangu, nikaukuta: "Jamii imepongeza mchakato."

Siku ya tatu yake nilipita kwa jirani yangu, mama wa makamo anayenunua chupa kwa vijana wa jalalani. Hukaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, beseni la maji kulia, gunia kushoto. Hubandua karatasi ya chupa kwa ukucha wa dole gumba, mara moja tu, bila kuichana. Vifuniko huviweka kwenye kopo la rangi. Ndani ya chupa hutia mchanga kidogo na maji, hutikisa mara tano sita, humwaga, hunusa. Iliyopita mtihani wa pua huuzwa kwa wenye mawese na wenye maziwa. Iliyoshindwa huenda kwa wauza petroli wa kichochoroni. Siku hiyo gunia lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, na nyingi ya zile chupa zilikuwa na maji safi ndani.

"Mwanangu, hizi za wapi? Watu gani hawa wasiokuwa na kiu?"

"Za atelye, mama."

"Atelye ya nini?"

"Ya taka."

Akaishika chupa juu, akaitazama kwenye mwanga kama anatafuta ufa. "Basi uwaombe wafanye nyingine Ijumaa. Wiki hii biashara imelala."

Huyu mama peke yake anatenganisha, anasafisha na kurejesha sokoni. Katika rasimu yetu kazi hiyo ilipewa mamlaka husika na kiambatisho kizima. Lakini usimtaje kwa wema. Pahali pake ni kwenye sura ya makosa na adhabu, kifungu cha wanaonunua vitu vilivyotolewa jalalani bila idhini.

Tumefika kwenye sarufi, na hapa nakuomba utulie kwa sababu ndiyo siri yenyewe. Kiswahili kina kiambishi kidogo, -w-, ambacho hufanya kitendo kitendeke bila mtu. Taka zitakusanywa. Zitatenganishwa. Zitasafirishwa. Majitaka yatasafishwa kabla ya kuachiwa mtoni. Soma tena: mji umekwisha kuwa safi na hakuna aliyenyanyua ufagio. Adui yako ni lile neno "na" linalofuata. Zitakusanywa na nani? Kifaransa nacho kina namna yake ya kufanya hivyo na "na" yake pia, na wataalamu wa lugha zote mbili wamejifunza kuishia kabla ya kuifikia.

Akitokea mkorofi akauliza "na nani", una jibu moja linalofaa kwa kila swali: utaratibu utawekwa kwa dekre (amri ya Serikali) ya utekelezaji. Sentensi hii ni godoro. Chochote kinachokuuma, kilaze hapo.

Nikupe mfano wa kweli ili usidhani natia chumvi. Kode ya mazingira ya 30 Juni 2000 ilitaka miradi yenye madhara ifanyiwe kwanza uchunguzi wa athari zake kwa mazingira. Safi kabisa. Jinsi ya kuufanya huo uchunguzi, nani aulete, nani auidhinishe, hayo yakalazwa kwenye godoro. Dekre iliyoyaeleza ilitiwa saini tarehe 7 Oktoba 2010. Hesabu mwenyewe: miaka kumi na miezi mitatu. Mtoto aliyezaliwa mtaani kwetu siku kode ilipotangazwa alikuwa tayari anajua kuandika jina lake na kugawanya kwa tarakimu mbili. Nitende haki, nchi ilikuwa vitani. Mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini Agosti ya mwaka huohuo wa 2000, na mapigano hayakuisha siku hiyo. Anayejificha chini ya kitanda hana nafasi ya kusubiri dekre. Lakini vita vilikwisha, na mtindo wa godoro tukaubakiza, maana tumeshauzoea mgongoni.

Kugawa madaraka nako kuna ufundi wake. Usimpe mtu mmoja taka zote, anaweza kuzishughulikia. Kwa miaka mingi sisi tumegawa hivi: harufu ni ya wizara yenye mazingira, kuhara ni kwa wizara ya afya, bomba ni la wizara ya miundombinu, lori na ufagio ni vya manispaa. Katikati ziko taasisi. OBPE ilianzishwa 2014 kulinda mazingira. Majitaka yalikuwa ya SETEMU, huduma za ufundi za manispaa, kisha yakahamia OBUHA, ofisi ya mipango miji na makazi. Ofisi ikibadilika, vibao hubadilika, barua zilizokuwa njiani hupotea, na mwananchi mwenye malalamiko huanza upya kutoka mlango wa kwanza. Bwawa lenyewe halijasogea. Inzi anayetoka jalalani kwetu akatua kwenye sahani ya ndagala amevuka mipaka ya wizara tatu, na hakuna hata moja iliyogonga muhuri kwenye pasipoti yake.

Bajeti sina la kusema. Hata wewe huna. Andika "Serikali na washirika wake watatafuta fedha" na uendelee na ukurasa unaofuata. Tangu petroli ilipoanza kuadimika Bujumbura, tumejifunza kwamba sheria ya usafi, hata iwe na vifungu mia, inahitaji dizeli. Lori likilala foleni ya kituo cha mafuta siku tatu, vifungu vyote hulala nalo, na taka za Ngagara hubaki Ngagara. Wenyewe wa Ngagara hukasirika. Sisi wa Buterere, niseme kweli, siku hizo huwa tunapumua.

Kama unataka sheria itakayokupa jina, piga marufuku kitu. Ni rahisi kuliko kupanga kitu. Jirani zetu wengi wameipiga marufuku mifuko ya plastiki: Zanzibar, Rwanda kwa sheria ya 2008, Kenya Agosti 2017 kwa adhabu inayofika miaka minne jela au faini ya shilingi milioni nne, Tanzania Bara Juni 2019. Burundi nayo ilikuwa na dekre yake ya 8 Agosti 2018: sashe, yaani mifuko ya plastiki, na vifungashio vingine vya plastiki, marufuku kuingizwa, kutengenezwa, kuuzwa wala kutumiwa. Mimi nilishangilia, na sikuwa natania. Ukitaka kujua plastiki ni nini, njoo Buterere baada ya mvua uone sashe zilivyokaba mtaro, nyeusi, za bluu, tabaka juu ya tabaka kama chapati.

Lakini tazama mikono ya fundi ilivyo. Dekre ilitoa miezi 18 ya kujiandaa. Ikaweka na milango ya pembeni: mifuko inayooza haimo, ya matumizi ya hospitali haimo, ya viwanda na ya dawa haimo. Kila mlango una sababu nzuri, hata mimi ningeufungua. Shida ni kwamba sashe haina kitambulisho. Mwuza karanga aliye mbele ya soko akiulizwa, sashe yake inaoza. Polisi hana maabara, na karanga ni tamu. Miezi 18 ikapita mwanzoni mwa 2020, na dunia ikapata jambo jingine la kuzungumza. Kuna siku nilinunua lengalenga, mama akaifunga kwenye gazeti kwa woga wa askari, kisha akaitia ndani ya sashe ili gazeti lisilowe.

Sasa umepata rasimu. Ipeleke Baraza la Mawaziri, ambalo aghalabu hukutana Jumatano. Huenda ikarudishwa "ikaboreshwe", maana yake atelye nyingine. Mjulishe jirani yangu. Ikitoka hapo inakwenda kwenye tume ya Bunge, halafu ukumbini Kigobe, ambako waziri huulizwa maswali na kuyajibu, halafu Seneti, halafu kwa Rais, ambaye Katiba inampa siku 30 za kuitangaza. Mwisho huchapishwa kwenye gazeti rasmi la Serikali. Hapo ndipo inapohesabiwa kwamba kila raia anaifahamu. Kutojua sheria si utetezi, wanasheria wamelisema hilo tangu Warumi. Gazeti hilo mtaani kwetu nimeliona mara moja. Lilikuwa limefungia vitumbua.

Rasimu ikikwama, usihangaike. Ngoja msiba. Msiba hupitisha kwa wiki moja kilichoshindikana kwa miaka kumi, ingawa wiki ya pili husahaulika. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua ilishusha maji na matope kwenye mitaa ya kaskazini mwa mji, makumi ya watu wakafa, maelfu wakabaki bila nyumba. Kila kiongozi akaja na mabuti ya mpira, na mitaro yote iliahidiwa. Tarehe 1 Januari 2023 wizara ya afya ikatangaza mlipuko wa kipindupindu Bujumbura. Mara maji ya klorini yakaonekana, vipaza sauti vikazunguka vikihimiza kunawa mikono kwa sabuni na maji safi. Hapa sitafanya kejeli ndefu, kwa sababu wahudumu wa afya waliokesha kwenye mahema walifanya kazi ya kiume na ya kike. Nasema tu kwamba walichokuwa wakikipigania kwa ndoo na klorini ndicho kilekile kilichokuwa kwenye kode ya afya tangu 1982. Mwaka huo mimi nilikuwa bado sijaota jino la pili.

Jambo moja ulikwepe kabisa. Usimpe mwananchi haki anayoweza kwenda nayo mahakamani. Katiba yetu inasema Serikali ihakikishe mali asili inatumiwa vizuri na mazingira yanahifadhiwa kwa vizazi vijavyo. Hiyo ni salama, vizazi vijavyo havina wakili. Wakenya walifanya kosa kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 42, wakaandika kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Ukiandika "kila mtu", wanakuja. Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa, kilikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, watoto wakajaa risasi kwenye damu. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi hapo, Phyllis Omido, alipogundua mwanawe ameathirika akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaipangua hukumu hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Unaona usumbufu? Majaji wa ngazi tatu wameshughulishwa kwa sababu ya maneno mawili. Fikiria maneno hayo yakifika kwetu, na yule mama wa chupa akapata wakili.

Imebaki siku ya kuizindua sheria. Ningekushauri Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii nchi nzima, na watu wako nje na majembe tayari. Vaa fulana mpya yenye kaulimbiu, shika ufagio mpini juu, wapiga picha wanajua. Fagieni Rohero, fagieni Kigobe, zoeni mtaro wa mbele ya ofisi. Kufika saa tano kila kitu kitakuwa juu ya lori, bila turubai, kikielekea kaskazini.

Na sisi huku Jumamosi tunafagia vilevile. Shefu wa kartie anapita na filimbi, watu wanatoka, hata mwenzangu yule wa atelye huwa yumo. Taka za Buterere tukishazikusanya tunazipeleka Buterere.